Kiambishi na Silabi: Mipaka Miwili Ndani ya Nomino ya Kiitaliano

Mwanafunzi anayeanza kuchambua maneno ya Kiswahili hupata bahati ambayo baadaye humponza. Akipewa neno watoto, hulikata wa- na -toto. Akipewa kiti, hupata ki- na -ti. Kila anapokata kwa kufuata maana, huangukia pia mahali silabi inapoishia. Polepole hujijengea kanuni ambayo hakuna mwalimu aliyemfundisha, kwamba mofimu na silabi ni kitu kimoja chenye majina mawili. Kanuni hiyo huvunjika siku anapokutana na neno wapiganaji. Kwa maana, neno hilo ni wa-pig-an-a-ji. Kwa matamshi ni wa.pi.ga.na.ji. Ncha zake mbili zinalingana, lakini katikati ulinganifu hautafutiki. Mzizi pig hauwezi kusimama kama silabi ya Kiswahili, na kiambishi -an- kimepasuliwa: irabu yake imeungana na konsonanti ya mzizi, na konsonanti yake imeungana na irabu inayofuata.

Katika madarasa mengi jambo hilo hutajwa kwa sentensi moja kisha somo likaendelea, kana kwamba ni hitilafu ndogo. Kiitaliano kinafaa kuwa kioo hapa kwa sababu hakimpi mwanafunzi bahati ile ya mwanzo. Neno libro maana yake ni kitabu, na libretto ni kijitabu. Kwa maana, neno la pili ni libr-ett-o: shina, kiambishi cha udogo, na irabu ya jinsi na idadi. Kwa matamshi ni li.bret.to. Vipande ni vitatu kila upande, na hakuna hata kimoja kinacholingana na mwenzake. (Katika mhadhara huu kistari kinaonyesha mpaka wa mofimu na nukta inaonyesha mpaka wa silabi.) Hoja inayotetewa ni kwamba katika nomino ya Kiitaliano kiambishi ndicho kinacholeta maana, lakini silabi ndiyo inayoamua kiambishi hicho kitasikikaje, na viwili hivyo vinapopingana, silabi hushinda, isipokuwa mahali pachache ambapo historia ya lugha imeweka kizuizi.

Irabu ya mwisho

Nomino nyingi za Kiitaliano huishia na irabu, na irabu hiyo moja hubeba jinsi na idadi kwa pamoja. Kwa kawaida -o ni alama ya jinsi ya kiume katika umoja, na wingi wake ni -i: libro, libri. Irabu -a ni ya jinsi ya kike, wingi wake -e: casa 'nyumba', case. Irabu -e inaweza kuwa ya jinsi yoyote, na wingi wake ni -i: cane 'mbwa' ni ya kiume, notte 'usiku' ni ya kike, nazo huwa cani na notti. Waasi hawakosekani. Mano 'mkono' ni ya kike ingawa ina -o, poeta 'mshairi' ni ya kiume ingawa ina -a, na uovo 'yai' ni ya kiume katika umoja lakini ikiwa uova, 'mayai', huhamia jinsi ya kike. Msemaji wa Kiswahili aliyezoea ngeli hana sababu ya kuyastaajabia hayo.

Linalostahili kuangaliwa zaidi ni mahali kazi hiyo inapofanyika. Kiswahili huonyesha ngeli na idadi mwanzoni mwa neno, na viambishi awali vyake vingi vina umbo la konsonanti na irabu, au ni nasali inayojitegemea kama katika m.tu. Kwa hiyo vinaweza kusimama kama silabi kamili bila kuomba chochote kwenye shina. Irabu tamati ya Kiitaliano haina uwezo huo. Ni irabu tupu inayofuata shina ambalo kwa kawaida huishia na konsonanti, na kwa kuwa silabi hupendelea kuanza na konsonanti, irabu hiyo huivuta konsonanti ya shina: can-e hutamkwa ca.ne, gatt-o 'paka' hutamkwa gat.to. Katika mfano huu wa pili konsonanti maradufu imepasuliwa, nusu ikafunga silabi ya kwanza na nusu ikafungua ya pili. Hakuna namna ya kutamka shina gatt kwa ukamilifu bila kuazima irabu ambayo si sehemu yake.

Kundi dogo la nomino huishia na irabu yenye mkazo: città 'mji', virtù 'wema', università 'chuo kikuu'. Hizi hazibadiliki katika wingi. Zamani watu walisema pia cittade, umbo lililotokana na Kilatini civitatem. Silabi ya mwisho ilipodondoka, pale irabu ya idadi ilipokuwa inakaa pakaondoka nayo. Ndiyo maana idadi ya nomino hizi huonyeshwa na kibainishi peke yake: la città, le città.

Mahali pa kukata

Kanuni za msingi za mgawanyo wa silabi si ngumu. Konsonanti moja iliyo kati ya irabu mbili huenda na irabu ya pili: ca.sa. Konsonanti maradufu hutenganishwa: pal.la 'mpira'. Konsonanti inayofuatwa na l au r hubaki nayo: li.bro, ma.dre 'mama'. Vitamkwa l, r, m na n vikifuatwa na konsonanti nyingine hufunga silabi iliyotangulia: por.ta 'mlango', cam.po 'shamba'.

Mfano huu wa mwisho unagusa Kiswahili moja kwa moja. Neno nyumba lina m na b kama campo lilivyo na m na p, lakini linagawanywa nyu.mba. Sababu inaonekana mwanzoni mwa maneno. Kiswahili kina mbuzi, ndugu na ngoma, maneno ambayo nasali na konsonanti yake huanza silabi kwa pamoja. Kiitaliano hakina maneno yake ya asili yanayoanza na mp au nt. Kinachoweza kuanza neno, kwa kawaida, kinaweza kuanza silabi. Programu ya kompyuta iliyotengenezwa kwa lugha ya Ulaya ikiachiwa kukata maneno ya Kiswahili mwishoni mwa mstari, itaandika nyum-ba bila kusita, nayo kwa kipimo cha lugha yake haitakuwa imekosea.

Kipimo hicho cha mwanzo wa neno, hata hivyo, hukwama kwenye s. Kiitaliano kina maneno mengi yanayoanza na s na konsonanti nyingine: studente, scuola 'shule', sport. Kwa kufuata kipimo hicho, waandishi wa sarufi za shule na wapiga chapa hugawanya pa-sta, ri-spo-sta 'jibu', mi-ni-stro 'waziri'. Ndivyo mtoto wa Kiitaliano anavyofundishwa na ndivyo vitabu vinavyochapwa. Lakini wanafonolojia wengi hawakubali kwamba matamshi yanafuata mkato huo, na ushahidi wao ni mzito.

Ushahidi wa kwanza ni urefu wa irabu. Katika Kiitaliano irabu yenye mkazo hurefushwa ikiwa iko katika silabi huru iliyo ya pili kutoka mwisho. Irabu ya kwanza ya fato 'majaliwa' ni ndefu. Ile ya fatto 'tukio' ni fupi kwa kuwa silabi yake imefungwa. Kama pasta ingekuwa pa.sta, irabu yake ingekuwa ndefu. Ni fupi. Kwa hiyo s imefunga silabi ya kwanza: pas.ta.

Ushahidi wa pili ni kibainishi. Nomino ya kiume inayoanza na konsonanti huchukua il: il libro, il treno. Ikianza na s na konsonanti nyingine huchukua lo: lo studente, lo sport. Umbo lo linaishia na irabu, hivyo linaipa s mahali pa kuegemea. Katika matamshi mfululizo ni kama los.tu.den.te. Umbo il lingeiacha s imebanwa kati ya konsonanti mbili bila kwao. Zamani, neno la namna hiyo lilipotanguliwa na konsonanti, wasemaji waliongeza irabu i mbele yake, na mabaki ya desturi hiyo yapo hadi leo katika msemo per iscritto, 'kwa maandishi'. Kibainishi ni neno la kisarufi kabisa, na bado umbo lake linachaguliwa na silabi ya neno jirani. Kwa mtafiti wa Kiswahili hili si la mbali: maneno kama skuli, stempu na spika yanaanza na s ileile isiyo na mahali, na swali la idadi ya silabi zake halipaswi kujibiwa kwa kuhesabu herufi.

Ipo pia mitego ya maandishi. Mifuatano ch, gh, gn, gl na sc huwakilisha sauti moja moja na haikatwi katika maandishi: so-gno 'ndoto', fi-glio 'mtoto wa kiume'. Herufi i nayo wakati mwingine ni alama tu ya namna ya kutamka c au g iliyo mbele yake. Katika camicia 'shati' haihesabiwi kama silabi: ca.mi.cia. Katika farmacia 'duka la dawa' ina mkazo, nayo ni silabi kamili: far.ma.ci.a. Wingi wake ni farmacie na camicie, lakini arancia 'chungwa' huwa arance, bila i. Kanuni ya shule inasema i hubaki ikiwa c au g imetanguliwa na irabu, na hudondoka ikiwa imetanguliwa na konsonanti. Ni kanuni ya kalamu, haina uhusiano na sikio, na Waitaliano wenyewe huikosea mara kwa mara.

Kiambishi kinachokuja na mkazo wake

Utajiri wa nomino ya Kiitaliano uko katika viambishi vya tathmini. Kutokana na libro hupatikana libretto na librino 'kijitabu', librone 'kitabu kikubwa', libraccio 'kitabu kibovu'. Viambishi -ino, -etto, -ello na -uccio huonyesha udogo au mapenzi; -one ukubwa; -accio ubaya au dharau. Kiswahili hufanya kazi hiyo kwa kubadili ngeli: mtoto, kitoto, toto. Kiitaliano nacho hugusa jinsi. Porta 'mlango' ni ya kike. Portone 'lango kuu' ni ya kiume. Mlango na lango, porta na portone: katika lugha zote mbili kitu kilipokuzwa kimehama kundi lake la kisarufi, ila Kiswahili kimepunguza silabi moja mbele na Kiitaliano kimeongeza moja nyuma.

Na kiambishi cha Kiitaliano hakiji peke yake. Huja na mkazo. Li.bro ina mkazo kwenye li; li.bret.to kwenye bret. Al.be.ro 'mti' ina mkazo kwenye silabi ya kwanza kabisa, al.be.rel.lo ina mkazo kwenye rel. Viambishi hivi hugawanyika katika mafungu mawili kwa umbo. Vyenye konsonanti maradufu, kama -etto, -ello, -accio na -ezza, hufunga silabi yenye mkazo. Vyenye konsonanti moja, kama -ino, -one na -ore, huiacha wazi na irabu yake ikarefuka. Kwa vyovyote silabi yenye mkazo huwa nzito. Msemaji wa Kiswahili huupata mkazo mahali pake bila taabu, kwa kuwa amezoea kuuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kinachomshinda ni uzito. Katika mji wa Malindi, ambako Kiitaliano kimesikika hotelini na madukani tangu miongo ya mwisho ya karne ya 20, aliyejifunza lugha hiyo kwa sikio tu anaweza kumwita babu wa mgeni wake nono badala ya nonno, naye atakuwa amemwita 'wa tisa'.

Mkazo unapohamia kwenye kiambishi, shina hupoteza nguvu na mara nyingine hubadilika. Uomo 'mwanamume' ikitiwa -ino huwa omino. Uovo ikitiwa -etto huwa ovetto. Ruota 'gurudumu' huzaa rotella 'kigurudumu'. Scuola huzaa scolaro 'mwanafunzi'. Irabu unganifu uo ilizaliwa katika silabi huru yenye mkazo, na mkazo ukiondoka hurudi kuwa o. Huu ni mfano safi wa silabi kulitawala shina. Hata hivyo kanuni inalegea. Fuoco 'moto' ilizaa focolare 'meko', lakini pia fuochista, mchochea moto wa mtambo wa mvuke. Piede 'mguu' ilizaa pedata 'teke', lakini mguu mdogo ni piedino. Wasemaji wanapotaka shina litambulike, huliachia sura yake, na lugha hubeba mazao ya nyakati mbili kwa pamoja.

Si viambishi vyote vinavyovuka mpaka wa silabi. Vinavyoanza na konsonanti, kama -mento, -tore na -tà, hupata mpaka wa silabi palepale vinapoanzia: mo.vi.men.to 'mwendo', scrit.to.re 'mwandishi'. Ni vichache kuliko vinavyoanza na irabu, na vinafanana na -ji ya Kiswahili katika m.so.ma.ji.

Viambishi awali vya Kiitaliano vina hadhi tofauti. Desturi ya uchapaji inaruhusu transatlantico likatwe trans-atlantico kwa kufuata maana au tran-satlantico kwa kufuata silabi. Ruhusa hiyo haitolewi kwa viambishi tamati: hakuna mchapaji anayeweza kuandika libr-etto. Sauti nayo inaunga mkono. Kaskazini mwa Italia, s iliyo kati ya irabu hutamkwa z: casa, na vilevile casina 'kijumba', ambapo kiambishi kimeongezwa. Lakini katika risalire 'kupanda tena', lenye kiambishi awali ri- na kitenzi salire, s hubaki s. Marina Nespor na Irene Vogel, katika kitabu chao cha mwaka 1986 kuhusu fonolojia ya kiarudhi, walitumia mifano ya aina hii kuonyesha kwamba kiambishi tamati na shina huwa neno moja la kifonolojia, ilhali kiambishi awali kinachoishia na irabu husimama kando kidogo.

Mpishi na wapishi

Kilichosemwa hadi hapa kinaweza kumfanya msomaji aone kwamba viambishi vya Kiitaliano havina nguvu yoyote mbele ya silabi. Mahali pamoja panapinga. Amico 'rafiki' katika wingi huwa amici, na c iliyotamkwa k sasa hutamkwa kama ch ya Kiswahili. Mtu angesema irabu i, ambayo hutamkwa karibu na kaakaa gumu, imeivuta k mbele. Lakini rafiki mdogo ni amichetto, k ikibaki k mbele ya e, ingawa katika sauti za zamani za lugha hiyo e nayo iliivuta k kama i. Na rafiki wa kike wakiwa wengi ni amiche. Nguruwe ni porco, wengi ni porci, lakini nyama yake iliyookwa ni porchetta. Wala -i ya wingi haifanyi hivyo kila mara: cuoco, ambaye ni mpishi, katika wingi ni cuochi, k ikiwa salama. Silabi ni zilezile na irabu ni ileile, lakini matokeo ni mawili. Hapa hakuna kanuni ya sauti itakayotosha. Lazima ijulikane ni kiambishi kipi na ni shina lipi.

Neno hilo la mpishi ndilo linaloirudisha hoja kwenye Kiswahili. Kutokana na kitenzi pika hupatikana nomino mpishi, k ikawa sh mbele ya kiambishi -i. Kutokana na kitenzi hichohicho hupatikana pikia, ambamo k inafuatwa na i na haibadiliki hata kidogo. Mwanafunzi akiambiwa kwamba "i hugeuza k kuwa sh", pikia itamkanusha. Maelezo yako katika historia. Kibantu cha awali kilikuwa na irabu saba; i ya kiambishi cha mtenda ilikuwa ya juu zaidi kuliko ile ya kauli ya kutendea, na ndiyo iliyobadili konsonanti. Kiswahili kiliunganisha irabu hizo na kubaki na tano. Sababu imetoweka, athari imebaki, na kwa hiyo tofauti ya mpishi na pikia sasa ni mali ya viambishi, si mali ya sauti. Hali ya amici na amichetto si sawa kwa chanzo, lakini ni sawa kwa namna inavyomlazimisha mchambuzi ashike mipaka yote miwili kwa pamoja: wa silabi ili ajue neno linatamkwaje, na wa mofimu ili ajue kwa nini konsonanti moja imegeuka na nyingine haikugeuka. Mwalimu anayemfundisha mwanafunzi mpaka mmoja kwa jina la wa pili humnyima nyenzo ya kulijibu swali hilo.

Maneno yanayosafiri

Maneno machache ya Kiitaliano yamefika katika Kiswahili kwa kupitia lugha nyingine, na safari yao inaonyesha kipi hudumu. Casino ilitokana na casa na -ino, kijumba. Cappuccino ilitokana na cappuccio 'kofia ya joho' na -ino. Spaghetti ni wingi wa spaghetto, kikamba, kutoka spago 'kamba nyembamba'. Katika kasino na kapuchino za Kiswahili hakuna anayesikia udogo. Konsonanti maradufu zimekwenda, silabi zilizokuwa funge zimekuwa huru, na mkazo umebaki kwenye -si- na -chi-, mahali pale pale ulipokuwa. Spageti nayo ilikuja na -i ya wingi mwishoni, lakini mtu anayeiagiza pamoja na tambi nyingine husema spageti hii imeiva, kwa upatanisho wa umoja.